Nimefunga maboksi ya pembeni kwenye Boxer mwenyewe nyumbani, njooni mjue nilipochemka

FundiSola Sakina:
Wakuu habari za jioni. Huu uzi niliuahidi siku nyingi, leo mvua imenifungia ndani ndo naandika, mnivumilie mwandiko.

Kazi yangu ni kufunga sola na kamera, nakaa Sakina hapa Arusha, na kazi zangu nyingi ziko barabara ya Namanga, kuanzia Ngaramtoni kwenda Oldonyo Sambu mpaka Longido na vijiji vya ndani ndani huko. Usafiri ni Boxer BM 150. Miaka miwili yote vifaa nilikuwa nafunga kwenye keria kwa mpira wa tubu, begi la drili juu, waya mgongoni, siku ikienda vizuri unafika navyo vyote. Siku moja natoka Oldonyo Sambu, nafika Ngaramtoni nageuka nyuma, begi halipo. Nimerudi ile njia taratibu nauliza watu kama mtu aliyepotelewa na mbuzi, wapi. Drili, biti zote, multimita, kwisha. Usiku ule ndo nikaapa nataka boksi lenye kufuli.

Boksi nilizipata kwa bahati tu. Kuna mzungu alikuwa anazunguka Afrika na pikipiki kubwa, safari ikamuishia hapa Arusha akauza vitu kimoja kimoja, jamaa yangu akachukua boksi mbili za Givi zile za plastiki ngumu, akakaa nazo stoo anahifadhia mbegu za mahindi. Nikampa laki na nusu. Zikaja na funguo, ila ile fremu yake ya kushikia haikuwepo. Sasa hapo ndo kwenye kazi yote, boksi lenyewe mtoto mdogo anaweza kulifunga, shughuli ni kile kinacholishika.

Nikaona isiwe tabu. Nikachukua flatibari, nikatoboa juu nikafunga kwenye keria, na chini nikatafuta bolti iliyo karibu, nikaona bolti ya chini ya shokapu inaniangalia. Nikafunga hapo. Aisee ikakaa imara, natikisa haitikisiki, nikamuita mpaka mama watoto aje aone. Kesho yake asubuhi tuta la kwanza tu Ngaramtoni nikasikia kraak. Nashuka, flatibari imepinda kama upinde na boksi la kushoto linalamba tairi.

Waliokwisha elewa wacheke taratibu. Bolti ya chini ya shokapu inapanda na kushuka na tairi, keria haipandi wala haishuki. Nilikuwa nimefunga kamba kati ya ng'ombe na mti alafu nikashangaa ng'ombe anapotembea.

Nakuja na sehemu ya pili, ngoja ninywe chai.

Chalii wa Ngarenaro:
😂😂😂 siti ya mbele kabisa. weka picha mkuu sisi wengine bila picha hatuelewi

Meku wa Pasua:
Dah huyo ng'ombe na mti umeniua. Mimi nipo Moshi nimefunga madumu ya lita 20 kwenye TVS, ntachangia ukimaliza.

Chalii wa Ngarenaro:
ila kiukweli kaka hayo maboksi ya nini, si unaweka kreti la soda kwenye keria unapiga mpira sita saba unaondoka. Mi natoa mzigo soko la Kilombero kila siku kwa style hiyo na sijawahi angusha hata nyanya

FundiSola Sakina:
@Chalii we unabeba nyanya kutoka Kilombero mpaka Sombetini bana, na kreti lako ukisimama kunywa soda kila mtu anaona kilichomo. Mi naacha piki nje ya boma la mtu masaa matatu niko juu ya bati.

Tuendelee. Baada ya lile tukio nikakaa chini kwenye kibaraza na pikipiki nikaitazama kama naiona mara ya kwanza. Swali moja tu, nini hapa hakitembei tairi ya nyuma ikipanda? Keria haitembei. Ile bolti ya juu ya shokapu haitembei. Na chini, kale kachuma kanakoshika kanyagio la abiria, nako kameshikwa na fremu, hakatembei. Basi, pointi tatu, pembetatu. Hesabu yote ilikuwa hapo, nimeizunguka wiki nzima.

Kabla ya kukata chuma nikakata karatasi. Nilichukua katoni la tivii nikatengeneza boksi la bandia lenye ukubwa uleule nikalibandika kwa gundi ya karatasi pembeni ya piki, alafu nikamkalisha mdogo wangu ana kilo kama themanini na kitu, nikamwambia arukeruke. Hapo ndo niligundua vitu ambavyo ningevigundua barabarani. Cha kwanza, ekzosi iko kulia, kwa hiyo boksi la kulia lazima likae nje zaidi kuliko la kushoto, kama sentimita sita hivi kwangu mimi. Cha pili kiki. Ukiipiga chini inarudi nyuma na kisigino kinagonga kona ya boksi. Mwenye stata atasema hapigi kiki, subiri betri ikugomee Longido saa kumi na mbili jioni. Ikabidi nirudishe boksi nyuma vidole vinne. Cha tatu kisigino cha abiria, na cha nne ambacho ningekijutia kabisa ni pancha. Ekseli ya nyuma inachomolewa kwa pembeni yote, ukiweka breketi mbele yake haitoki, itabidi ufungue boksi, ufungue fremu, ndo utoe tairi, na wewe uko porini.

Katoni limeniokoa jamani. Bei yake bure.

Ticha Tengeru:
Mkuu upo vizuri, hili la katoni nimelipenda. Swali: ulitumia chuma gani? Na ulichomelea wapi maana umesema nyumbani.

FundiSola Sakina:
Skwea paipu ya milimita 20 kwa 20, ukuta 1.5. Mita moja ni karibu gramu 850 kwa hiyo usijaze mapaipu kama unajenga banda la kuku, mi jumla nimetumia mita nne na kidogo, kilo tatu na nusu tayari na bado sijaweka hata kitambaa ndani. Kukata, kutoboa na kufunga nimefanya kibarazani kwangu, kona tu ndo nimepeleka kwa fundi wa kuchomelea, tena nimepeleka paipu peke yake. Piki niliiacha nyumbani.

Kuna watu wanapeleka piki nzima fundi anachomelea breketi kwenye fremu moja kwa moja. Mi sikuthubutu.

Grainda Unga Ltd:
Umefanya la maana kuiacha piki. Mimi nachomelea Unga Limited hapa, naletewa sana hizo kazi na nyingine nakataa. Niwaambie kwa nini ili msije mkasema fundi ana maringo.

Fremu ya piki za siku hizi ni bomba jembamba, ukiipasha moto mahali pamoja pale pembeni ya mshono panakuwa pagumu na panavunjika kirahisi, haivunjiki leo, inavunjika baada ya miezi ya kutikiswa na inavunjika pembeni ya mshono, sio kwenye mshono wenyewe. Mteja atakuja aseme kuchomelea kwako kubovu, kumbe pameshika vizuri mno.

Pili umeme. Kama ni lazima uchomelee kitu kikiwa juu ya piki basi toa waya za betri, chomoa na CDI, kile kiboksi cha umeme wa plagi, alafu koleo la athi la mashine libane karibu kabisa na unapochomelea. Ukilibana kwenye rimu huku unachomelea keria, umeme unapita kwenye beringi za tairi na kwenye cheni, beringi zinapata vidonda, wiki mbili mbele tairi linaanza kulia na wala hutajua lilianzia kwangu.

Tatu msiniletee bomba la maji lililopakwa zinki mkasema ni la bure lilibaki kwenye ujenzi. Moshi wake mweupe ule ukiuvuta jioni unapata homa ya kutetemeka mwili mzima unadhani malaria, unaenda kupima haionekani. Imeshanikuta. Kama unalo hilohilo, lisugue zinki yote itoke pande zote za mshono kwanza, na uchomelee nje penye hewa.

Chalii wa Ngarenaro:
kumbe ndo maana fundi wetu kila ijumaa anaumwa 😂

Grainda Unga Ltd:
@Chalii huyo wa ijumaa anaumwa kitu kingine.

Bi Keki Njiro:
Habari zenu kaka zangu. Samahani kwa kuingilia uzi wa wanaume 😅 Mimi natengeneza keki Njiro nina kijana ananipelekea kwa pikipiki, kila wiki keki moja inafika imelala ubavu. Nataka boksi moja tu la nyuma juu ya keria, sio la pembeni. Mnasema chuma chuma tu, sisi tunafanyaje?

FundiSola Sakina:
Karibu sana dada yangu, uzi ni wa wote. Kwanza kijana wako anakimbizaje? Maana hamna boksi la kumzuia mtu anayekata kona ya Njiro kama anachelewa mechi.

La nyuma ni rahisi kuliko ya pembeni. Plaiwudi ya milimita 12 juu ya keria, unaibana na yubolti nne zinazokumbatia vyuma vya keria, alafu boksi juu ya plaiwudi, bolti nne na washa pana ndani ya boksi. Washa pana tafadhali, ukiweka washa ndogo kwenye plastiki bolti itapita na tundu lake siku ya kwanza penye makorongo. Mi mwenyewe ndani ya boksi nimeweka kipande cha bati kama mkono mzima, bolti zote zinashika hapo, uzito unagawanyika. Kwa keki weka sponji ya godoro chini nene, na boksi liwe na ukuta unaoibana keki isitembee, keki ikipata nafasi ya kutembea hata kidole kimoja inajichora ukutani.

Ila ya juu nyuma ina tatizo lake, sema keki ni nyepesi utasamehewa. Nilivyokuwa nafunga mzigo juu ya keria, kilo 15 hivi, unakaa kama sentimita 30 nyuma ya ekseli. Kutoka ekseli ya nyuma mpaka ya mbele kwenye hizi piki ni kama mita moja na robo. Zidisha 15 kwa 30 gawa kwa 125, unapata 3.6. Maana yake tairi la mbele linapunguziwa kilo tatu na nusu na la nyuma linabeba zaidi ya kilo 18 wakati mzigo ni 15. Inaonekana ndogo, ila panda nayo mlima au ingia mchanga wa Longido uone usukani unavyokuwa mwepesi kama wa baiskeli ya mtoto, unaendesha unaomba Mungu. Ndo maana vitu vizito nimevishusha kwenye boksi za pembeni, chini na mbele kadiri inavyowezekana, na juu ya keria sa hivi nabeba koti la mvua tu.

Bi Keki Njiro:
Asante sana, nimeelewa yote isipokuwa hesabu 😂 Yubolti napata wapi?

Ticha Tengeru:
Dada duka lolote la vifaa vya ujenzi, waambie zile za kubania bomba, nenda na kipimo cha unene wa chuma cha keria yako. Hesabu ni sahihi, nimeihakiki, nitaiweka kwenye mtihani wa fomu tatu.

Meku wa Pasua:
Haya na mimi niwekee la kwangu maana naona mnaongelea boksi za laki na nusu hapa. Mimi napeleka dawa za mifugo, natoka Moshi mjini naenda Uru, Kibosho, wakati mwingine Old Moshi juu. Madumu mawili ya mafuta ya kula ya lita 20, yale ya njano magumu. Nimekata upande mmoja mpana pande tatu, wa nne nimeacha uwe bawaba, nikaweka komeo dogo. Kuyaosha ndo kazi, maji ya moto na sabuni ya unga mara nne na jivu, bado wiki ya kwanza chanjo zilinukia maandazi.

Ila nikiri makosa na mimi. Dumu likishakatwa linalegea, upande wa ndani unatumbukia kama shavu la mzee. Ikabidi niweke flatibari mbili ndani na mbili nje, plastiki ikiwa katikati kama sandwichi. Na jua linayala, mwaka wa kwanza yanakuwa magumu yanapasuka kama chaki. Mi nayabadilisha kila baada ya masika, hela ya dumu ni ya soda mbili tatu, sina uchungu.

Upande wa ekzosi dumu la kwanza liliyeyuka. Narudia liliyeyuka. Kupanda Kibosho unakwenda gia ya pili njia nzima, ekzosi inawaka, nikasikia harufu nikadhani kuna mtu anachoma taka.

FundiSola Sakina:
@Meku nimecheka peke yangu hapa. Ulitatuaje?

Meku wa Pasua:
Bati, mangi. Kipande cha bati kati ya ekzosi na dumu, ila bati lisigusane na dumu wala na ekzosi, nimeliinua kwa nati mbili mbili kama vigingi, hewa ipite pande zote. Likigusana na plastiki umehamisha tu moto. Tena dumu nimelisogeza nje upana wa mkono.

Mzee wa AG:
Vijana nawasoma tangu asubuhi. Nilikuwa bwana shamba, nimeendesha Yamaha AG100 miaka mingi huko milimani, ile ilitoka kiwandani na keria mbele na nyuma na cheni imefunikwa yote, hatukuhitaji kuchomelea kitu. Niongeze mawili matatu.

Injini zenu ni pistoni moja, zinatikisa. Bolti yoyote mtakayofunga itajilegeza, swali si kama itajilegeza, ni lini. Tumieni nati zenye nailoni ndani, na nati ya nailoni ukishaifungua mara mbili tatu tupa ununue nyingine, bei yake ndogo. Springi washa inasaidia kidogo tu. Baada ya kilomita hamsini za kwanza rudini mkaze zote, kisha tena baada ya mia mbili. Na mtu akikaza achore mstari kwa rangi ya kucha kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma, kila asubuhi ukipita unaangalia mistari, ikiwa imeachana unajua ipi imetembea bila kushika spana.

Na angalieni kichwa cha bolti, kiwe kimeandikwa 8.8. Zile zisizo na maandishi ni za kufungia mabati ya banda.

FundiSola Sakina:
Shikamoo mzee wangu. Hii ya rangi ya kucha nimeifanya jana hiyohiyo, nimechukua ya shemeji yenu bila kuomba, nyekundu, inaonekana vizuri sana. Nimeshasemwa.

Mzee wa AG:
Marahaba. Mnunulie nyingine.

Chalii wa Ngarenaro:
oya mleta uzi hujamaliza, boksi zimekaa au hazijakaa?? alafu upana, mi nikiona hayo maboksi naona jam ya Kilombero na daladala zinavyobana, unapitaje apo

FundiSola Sakina:
Nakuja @Chalii tulia.

Basi fremu ikatoka kwa fundi, nikapiga msasa, redi oksaidi ya kuzuia kutu, alafu spray nyeusi. Kufunga bolti za M8 spana namba 13 kwenye pointi zote za juu na chini, M6 spana namba 10 kwenye boksi. Kwenye bolti ya juu ya shokapu usitumie ileile fupi ukalazimisha, nati ikishika meno mawili matatu tu itatoka, tafuta nafasi ya nati kushika meno yote na yabaki kidogo nje. Kila chuma kinapokutana na chuma nimeweka raba niliyokata kwenye tairi bovu, sio tubu, tubu ni laini sana inakamuliwa inaisha.

Nikamaliza nikajiona bingwa. Nikatikisa boksi la kushoto, mbele nyuma halitikisiki, ila ukilivuta kuja kwako nje linakuja kama mlango. Pembetatu imeshika pande zote isipokuwa huo. Hapo nikakumbuka picha za piki kubwa, huwa kuna chuma kinapita nyuma chini ya pleti namba kinaunganisha fremu ya kushoto na ya kulia. Nikaweka hicho, kipande cha sentimita 50 na ushee, bolti moja kila upande. Mungu wangu, ikawa kitu kimoja. Ukivuta kushoto kulia nako kunakataa. Kama una fremu inacheza na umeshaanza kufikiria kuongeza unene wa chuma, acha, weka hicho kipande cha nyuma kwanza.

Umeme ukakatika nikiwa na tundu mbili zimebaki, nikazimalizia kwa kekee ya mkono ya marehemu babu. Tundu za babu zimenyooka kuliko zangu.

Kutoboa boksi lenyewe roho iliuma. Anza na biti ndogo, weka kipande cha mbao kwa nyuma plastiki isipasuke, halafu panua. Kila tundu silikoni kabla ya bolti. Alafu kwenye sakafu ya boksi nimetoboa katundu kamoja kadogo kama njiti ya kiberiti, maji yakiingia yatoke. Fundi mwenzangu alinicheka kutoboa boksi la kuzuia mvua, nikamwambia mvua itaingia tu.

Sasa upana @Chalii. Usukani wangu kutoka ncha mpaka ncha ni kama sentimita 75. Boksi kwa boksi ni 88. Kwa hiyo nimezidi, na siku ya kwanza nililamba geti la nyumbani, alama ipo mpaka leo. Nimejizoesha, usukani ukipita napunguza mwendo nahesabu moja ndo napita. Jam ya Kilombero sipenyi tena, nakaa nyuma ya daladala kama mwenye gari, na ni kweli nachelewa, siwezi kukudanganya. Wewe wa bodaboda mjini kreti lako ni sahihi, boksi za pembeni ni za mtu wa safari.

Trafiki hawajanisumbua, ila nilihakikisha indiketa zinaonekana ukisimama nyuma na hata ukisimama pembeni. Za kwangu zilifichwa na boksi nikazihamishia kwenye kile chuma cha nyuma, waya nimeongeza kama shibiri moja kila upande. Taa ya breki na pleti viko wazi.

Ticha Tengeru:
Umeshaenda nayo Longido?

FundiSola Sakina:
Mara nne sasa. Niseme ukweli wote.

Uzito kwanza. Ndani ya boksi kuna stika mwisho kilo 10, na mi naifuata, nina ile mizani ya kuning'iniza ya wauza nyama, kila asubuhi kushoto na kulia nalinganisha, isizidi tofauti ya kilo moja hivi. Ukizidisha upande mmoja piki inakuvuta huko njia nzima, mkono unachoka bila kujua kwa nini. Betri ya sola ya 100Ah inakaribia kilo 30, hiyo haiingii kwenye hesabu, hiyo inapanda Noah. Watu wanaona boksi kubwa wanajaza. Boksi kubwa ni la vitu vikubwa, sio vizito.

Pili upepo. Ukishaipita Oldonyo Sambu kunafunguka tambarare, na ule upepo wa pembeni unayakuta maboksi kama tanga. Siku ya kwanza ulinisukuma mpaka karibu na mstari wa katikati na kulikuwa na lori linakuja. Toka siku hiyo pale natembea 60, wakinipita wanipite.

Tatu vumbi. Mvua haijaingia hata tone, ila vumbi la kule ni unga wa ngano, linaingia penye mfuniko. Nimeongeza ile raba ya mlango wa gari ya mtumba kuzunguka mfuniko, limepungua sana. Halijaisha.

Nne, stendi ya pembeni. Boksi la kushoto likiwa na kilo 10 piki inalala zaidi, kwenye udongo mlaini inazama na inaenda chini yote. Imeshalala mara moja, kioo kimoja. Natumia dabo stendi au naweka jiwe bapa.

Mzee wa AG:
Umesahau shokapu. Kama zina ile pete yenye ngazi chini ya springi, panda ngazi moja au mbili ukiwa na mzigo, zote mbili sawasawa, na upepo wa tairi la nyuma uwe ule wa kubeba abiria. La sivyo ile kazi yako ya katoni na mdogo wako haina maana, piki itakaa chini kuliko ulivyopima.

FundiSola Sakina:
Kweli mzee, nilipanda ngazi moja kushoto nikasahau kulia, nikaendesha siku mbili naona kama piki ina kigugumizi. Sikutaka kusema hapa.

Grainda Unga Ltd:
Mwezi ukiisha mwagia maji fremu yote, ikauke, alafu angalia pembeni ya kila mshono na tochi. Ukiona kamstari ka kutu kembamba kama unywele ujue ni ufa, rangi imepasuka maji yanaingia. Kalete kabla hakajawa hadithi.

FundiSola Sakina:
Nimeangalia leo baada ya kusoma hii, mvua imeshamwagia tayari. Kona ya kulia chini kuna kitu. Sijui kama ni ufa au ni tope, nimesugua kidogo kimebaki. Ni ule upande wa ekzosi unaokaa nje zaidi, una mkono mrefu, sishangai. Jumatatu nakuletea fremu peke yake.

Grainda Unga Ltd:
Lete. Tutaweka kipande cha pembetatu kwenye kona, kimalize mbali na kona yenyewe. Usije na piki.

Meku wa Pasua:
Na mimi nimetoka kuangalia madumu yangu baada ya kusoma. Yapo sawa, kumekosekana nati mbili tu 😅

Chalii wa Ngarenaro:
wakuu nimebadili mawazo kidogo. kuna jamaa ananipa kazi ya kupeleka vipuri Monduli kila jumamosi, kreti naona litaniaibisha. @FundiSola nitumie vipimo vyako nikate hivyohivyo, mi nina TVS HLX

FundiSola Sakina:
Vipimo vyangu havitakusaidia, ekzosi yako na kanyagio lako haviko pale vya kwangu vilipo, utakata chuma uje uniseme. Tafuta katoni. Jumamosi mchana nipo kibarazani, njoo na piki tupime pamoja, mdogo wangu naye yupo wa kurukaruka. Ila uje na spana yako namba 13, ya kwangu nadhani imebaki juu ya bati la mtu Longido.